Kijiti Kilichopinda Ndani ya Oveni

Ijumaa, alasiri. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Jirani ameanua dagaa wake mara mbili, akawaanika tena mara mbili. Mimi nimeunguza keki mara mbili.

Kesho tunamuaga mdogo wangu, Zuhura, anaolewa. Mbele ya mashangazi wote nilijitolea kuoka keki. Hakuna aliyeniomba.

Ya kwanza iliungua jana: nyeusi juu, uji katikati. Nilikuwa nimeweka nyuzi 180. Leo asubuhi nikashusha hadi 150, ikaungua vilevile. Zuhura aliibonyeza kwa kidole.

"Dada, hii tumpe bwana harusi. Akiimaliza, kweli ananipenda."

Mama hakucheka. Alisema muda wa kuagiza keki mjini bado upo. Nikakataa.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu. Ndani ya oveni, kwenye ukuta wa nyuma, kuna kijiti cha chuma chembamba kuliko kalamu. Ndicho kinachopima joto. Mafundi hukiita sensa. Niliazima testa ya kupimia umeme kwa fundi redio wa mtaani, nikachomoa nyaya za kijiti, nikapima. Ohm elfu moja na mia moja, kama kitabu cha oveni kinavyotaka kikiwa hakijapata moto. Kijiti ni kizima.

Basi kwa nini kinadanganya?

Nikaingiza kichwa na tochi. Kijiti kilikuwa kimepinda, ncha yake imeegemea ukuta. Hakikuwa kinapima hewa inayoivisha keki. Kilikuwa kinapima bati, ambalo huchelewa kupata moto, na oveni ikazidi kuchochea.

Mtaani kwetu Kasingirima oveni ni kabati. Huwashwa Idi, siku nyingine zote hulaza sufuria. Mama alichungulia, akaelewa mara moja.

"Kumbe ni sufuria zangu. Nisamehe, mwanangu."

Nikazima tochi.

Sufuria za Mama ni ndogo, hazifiki kule nyuma. Siku ya posa, wageni wakivua viatu barazani, mimi ndiye niliyeficha humo sufuria kubwa ya pilau. Haikuenea. Nikaisukuma kwa mguu. Kitu kikalia ndani, nikasikia, nikafunga mlango. Kisha nikabeba sinia la vikombe, nikaenda kuwakaribisha wageni wa mdogo wangu.

Dakika chache kabla, shangazi alikuwa ameniambia nisijali, zamu yangu itakuja. Sikuwa nimesema kwamba najali.

Ninajali.

Nimekinyoosha kijiti kwa vidole, taratibu, mpaka kikaachana na ukuta kwa upana wa kidole gumba. Keki ya tatu imetoka sasa hivi. Rangi ya kahawia, imeumuka sawasawa, njiti niliyoichoma katikati imetoka kavu. Zuhura ameizunguka mara mbili bila kusema neno, na kwake hilo si jambo dogo.

Kupitia dirisha namsikia Mama akimsimulia jirani jinsi sufuria zake zilivyotaka kumwaibisha mbele ya wakwe. Wanacheka. Kesho atawasimulia mashangazi, na kosa litakuwa lake moja kwa moja.

Kwa hiyo kesho, kabla kisu hakijagusa keki, nitamwambia Mama ilikuwa sufuria ipi na nani aliyeiweka. Hilo naliweza.

Akiniuliza kwa nini nilitumia mguu, nitamjibu nini?