Mizinga Kwenye Ramani

3 Machi

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Miguu inauma ile ile, mengine salama. Wewe je? Hiyo ofisi yenu ya uhifadhi ina ubaridi, vaa sweta.

Walinzi wa msitu wamebomoa mizinga yetu ya nyuki, yote kumi na minne. Wanasema eneo limefungwa. Walienda moja kwa moja, hawakupapasa, hata ule wa marehemu baba yako kule bondeni. Sasa watu wanamnyooshea kidole kaka yako, kwa kuwa aliwahi kuwabebea walinzi mizigo. Hasalimiwi. Hapa ananiandikia hataki kuliandika hili, nimemlazimisha.

Wapo waliokutaja wewe, maana tulikutembeza mzinga kwa mzinga na kile kifaa chako cha kupimia mahali. Nimewafokea! Ulikuja kwa ushirikiano, kuchora ramani ya kutulinda. Si ndivyo ulivyosema? Nijibu nipate la kuwaambia.

Mama yako

19 Mei

Mama, shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu. Kaka, shikamoo nawe. Najua unamsomea Mama, tafadhali usiruke neno.

Barua hii nimeianza mara sita. Ni mimi. Niliwaahidi kwamba mizinga ikionekana kwenye ramani hamtafukuzwa, na niliamini. Kisha mkuu wangu akataka nakala awape walinzi. Nilijua watakachoifanyia mizinga. Nikaitoa hiyo nakala, nikaendelea kunywa chai. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Naona aibu, Mama. Waambie watu wote Kaka hana kosa.

Mwanao

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, anatembea mpaka kisimani.

Barua yako nimemsomea. Nilisoma salamu, nilipofika kwenye ramani nikakohoa, nikarukia "mwanao". Alifurahi, akaniomba nirudie. Nikarudia vilevile. Nimekukasirikia sana, usidhani nimefanya hivi kwa ajili yako. Kutosalimiwa nimeshazoea. Ila yeye ana wewe tu wa kujivunia.

Tatizo ni kwamba barua anatembea nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Kila mgeni anampa aisome, ajue mwanawe ni mtu wa namna gani. Mpaka leo nimewahi kuidaka, nasema nitaisoma mimi.

Njoo umwambie kwa mdomo wako. Kesho naenda msituni, upande usiofungwa, siku mbili, na mwalimu wa shule ya hapa amesema atapita kumjulia hali.

Kaka yako