Sauti ya Katya

Azaiba, Maskati
12 Februari 2023

Mwanangu Katya,

Assalaam alaykum. U hali gani na baridi ya Roma? Sisi hatujambo, alhamdulillah.

Jana tumeiona filamu yako. Umependeza, mashallah, lakini koo lina nini? Sauti ile nzito si yako hata kidogo. Jirani yetu Rawya anakuja huko, nnampa asali na tangawizi akuletee. Unywe, usinifanyie ukaidi.

Shangazi yako,
Kheiria

Roma
3 Machi 2023

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na asali nusu nimeshailamba. Koo langu halina kitu! Nimecheka, kisha nikalia kweli.

Huku wakimaliza kupiga picha humwita mwanamke mwingine studio, akasema maneno yangu yote upya. Wanadai Kitaliano changu kina Urusi ndani yake. Nako Moscow wakadai Kirusi changu kina Italia. Nimecheza filamu sita, shangazi, na sijasikika hata katika moja.

Sasa nimepata nafasi kubwa: mwanamke mhamaji anayesema lugha nne. Ila mkataba unawaruhusu kunibadilisha sauti wakitaka. Nitie saini?

Bintiyo,
Katya

Azaiba
5 Machi 2023

Katya,

Salamu, ingawa nna hasira. Kirusi umepewa na mamako, Kitaliano na babako aliyekuzaa, Kiarabu umekipata shuleni hapa Maskati. Kiswahili nimekufunza mimi jikoni, tangu mamako alipoolewa na kaka yangu Harub ukaletwa kwetu mdogo hujui hata kuomba maji. Leo waje wakufanye bubu? Usitie saini! Wakitaka uso mtupu, wakanunue picha.

Shangazi yako

Roma
20 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Hujambo? Baba Harub hajambo? Nilikataa, nafasi akapewa mwingine. Miezi yote hii nimekuwa nikifundisha watoto Kirusi, na nilikuwa nakuonea hasira wewe.

Jana mwongozaji kanipigia simu. Yule dada lugha zimemshinda. Akaniuliza nataka nini, nikamwambia nataka sauti yangu, na iandikwe. Imeandikwa! Januari tunakuja huko Maskati kupiga picha, kwenye magereji ya Wadi Kabir. Nipikie!

Bintiyo mwenye furaha,
Katya

Azaiba
9 Septemba 2024

Katya wangu,

Assalaam alaykum. Nnatumai huko Venisi umelala japo kidogo baada ya kupewa tuzo. Hapa hakuna aliyelala.

Jana filamu imeonyeshwa Maskati, nami nimepeleka ukoo mzima. Mwanzo nilikuwa naogopa watakuwa wamekudanganya. Mara ukafungua mdomo, na sauti ikawa yako, ile ile inayonipigia kelele kutoka chumbani. Nikalia pale pale. Ulipomgombeza yule fundi kwa Kiswahili changu cha jikoni, "Weye, gari unaitengeneza au unaizika?", ukumbi wote ukaangua kicheko.

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Mzungu huyu kalelewa na nani?"

Nikasimama kizani, Harub ananivuta buibui, sikumsikiliza. Nikasema kwa sauti, "Kalelewa na mimi! Mwanangu huyo!"

Watu wakapiga makofi. Sijui walikupigia wewe au mimi. Nimeyachukua yote.

Shangazi yako,
Kheiria