Mke Mwenzangu na Gari Lisilonguruma

Baba Neema,

Umekaa sana huko bila kuja, nami nimechoka kukutetea. Tangu mvua za vuli hujanijia hata ndotoni. Wajane wenzangu wakikutana kisimani wanasimulia: huyu mumewe kaja kuomba maji, yule wake kaja kulalamika kwamba suti aliyozikwa nayo inambana. Mimi najifanya nafunga kanga vizuri. Mtu uliyekuwa unapeleka kabichi mpaka Dar es Salaam na kurudi, leo kutoka pale kwenye migomba tulipokulaza mpaka kitandani kwangu unaona mbali? Mchungaji akisikia nakuita uje hivi atanipa somo. Abaki na somo lake, yeye ana mke nyumbani.

Usicheke mwandiko. Shule sikwenda, unajua. Herufi za kwanza ulinionyesha wewe kwa kidole, kwenye vumbi la boneti ya lori lako, na zilizobaki nimezichuma mwenyewe kwenye kitabu cha nyimbo.

Nina habari za mke mwenzangu. Mjukuu wetu Upendo, yule uliyemwita mchumba tangu anatambaa, mpaka nikawa nakuuliza mahari umelipa lini. Yule uliyemfundisha kuendesha lori kwenye kiwanja cha kanisa, anakanyaga breki kabla hajafika popote, nawe unacheka mpaka unakohoa. Baada ya kukuzika hakwenda Tanga kwa mama yake. Alisema, "Bibi, nikuachie nani?" Nikamwambia aache maneno mengi, akateke maji. Lakini moyoni nilipiga magoti.

Basi likaja hapa Malindi yetu ya Lushoto gari la umeme la kubeba mboga, na yeye wakamchukua dereva. Baba Neema, halinywi dizeli. Halitoi moshi, hata uweke shuka jeupe nyuma yake. Jioni analichomeka kwenye waya kama simu. Nilipoliona mara ya kwanza nilikifikiria kifua chako. Daktari hakusema ni moshi, mimi ndiye ninayesema.

Na hili ungelipenda: ule mteremko wa kwenda Mombo, uliokuchomea breki mpaka nguo zako zikawa zinanuka, hilo gari unalirudishia umeme. Linaondoka huku na mzigo, linafika chini limeshiba. Niliposikia nikasema mwongo. Upendo akanipeleka, akanionyesha kwenye kioo chake mstari wa umeme unapanda huku sisi tunashuka. Nikalia. Nikasingizia vitunguu tulivyobeba.

Tena lina jicho, hapo juu ya kioo cha mbele. Likiona mtu au mbuzi linapiga kelele ndani, na dereva akichelewa linashika breki lenyewe. Na kila linachokiona njiani linawaambia wenyewe huko Tanga, saa ile ile. Nikamwambia Upendo, hilo si gari, hilo ni mbea.

Sasa sikia kilichonipata. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo wa gwatemala kichwani, wa kuning'inia mpaka kiunoni, unavyonijua sipendi kwenda mara mbili. Ukiwa na mzigo ule hugeuki. Macho yanaona vidole vya miguu tu, njia unaisikiliza kwa masikio. Miaka yote tumeishi hivyo: lori linapanda linalia, mtu unasogea pembeni bila hata kukatisha hadithi. Siku ile sikusikia kitu. Nikasikia mchanga unasagika nyuma ya visigino vyangu, nikasikia Upendo anapiga kelele, "Bibi!" nikarukia mtaroni. Mimi, kwa umri huu, naruka kama chura.

Majani yaliniwahi chini, ndiyo yaliyoniokoa. Niliumia nyonga na sketi ya kanisani ikachanika. Gari lilikuwa limesimama, lakini ni mguu wa Upendo uliolisimamisha. Jicho halikusema lolote.

Watu wakajaa. Jirani yetu Zakayo, ambaye hata baiskeli inamwogopesha, akasimama katikati ya barabara anatangaza kwamba gari bila mlio ni jini na lirudi lilikotoka. Wengine wakawa wanaokota mawe ya kuziba njia. Nikiwa bado mtaroni nikamwambia, "Zakayo, kabla hujafukuza jini, nipe mkono nitoke huku."

Wenye gari wakamtuma kijana kutoka Tanga. Kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo mpaka nikamhurumia. Akakaa kwenye kigoda chako, akaniambia ukweli bila kuzunguka: jicho liliniona, ila lilidhani ni kichaka. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, huko kwenu vichaka vinavaa raba?" Akacheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Akasema watalifundisha. Wakapiga picha wanawake wa kijiji kizima na mizigo yao, ya majani, ya kuni, ya karoti, mbele na nyuma. Mama mmoja alikwenda nyumbani kwanza kubadilisha kilemba. Wiki zikapita, kijana akarudi akasema sasa jicho linatutambua, wamelijaribu uwanjani.

Jicho likapona. Aliyeharibika ni mke mwenzangu.

Aliweka funguo mezani akasema, "Bibi, siendeshi tena. Nikifumba macho naona majani yanaanguka." Hakula. Alikuwa anaamka kunikanda nyonga kwa maji ya moto. Nikamtukana, unavyonijua ninavyobembeleza. Nikamwambia nyonga ni yangu, yeye inamuuma nini? Haikusaidia. Akaanza kukunja nguo zake aende Tanga akauze dukani kwa mjomba. Na yule kijana akasema kwa upole kwamba wiki ile ikiisha hakuna dereva, gari litakwenda kwa mwingine.

Nisikudanganye, nilifikiria kunyamaza. Akiacha gari, huenda ningemshawishi abaki, tulime viazi, alale chumba cha pili, nimsikie anavyogeuka kitandani. Nilikaa na wazo hilo nikilipepeta. Lakini nilimwona siku ile ya mteremko, Baba Neema. Mkono mmoja kwenye usukani, kidevu juu, anapiga honi kwenye kona kama wewe, na kona yenyewe haina mtu. Binti aliyekaa hivyo humzibi kwa viazi.

Basi asubuhi nikakata majani. Nikamwita Zakayo anitwishe, akasema nimerukwa na akili, nikamwambia hilo analijua tangu tukiwa watoto, ainue. Nikaenda kusimama katikati ya barabara, pale kwenye mpando karibu na kanisa, nikiwa nimelipa gari mgongo, na Upendo na yule kijana wamesimama kando yake. Nikapaza sauti, "Upendo! Chukua gari, njoo nyuma yangu. Mimi nakwenda nyumbani, na sitasogea!"

Nikasikia analia. Nikasikia yule kijana anamwambia, "Twende taratibu, nitakaa na wewe." Mlango ukafungwa. Kisha hakuna mlio.

Nimezaa, nimezika, nimelala hospitali peke yangu. Sijawahi kuwa peke yangu kama katika hatua zile. Mzigo kichwani, siwezi kugeuka, nyuma yangu kuna kitu kizito na sikisikii. Lori lako nilikuwa nalisikia tangu kona za chini, naweka maji jikoni, nalaza mtoto, nakaa naona unavyokaribia kwa masikio. Hapa hakuna cha kuniambia kitu. Nikawa nakuongelesha wewe. Nikakuambia, kama upo, keti pale mbele na mchumba wako, usikae na mimi.

Mchanga ukasagika. Ukanyamaza. Nikashusha mzigo, nikageuka. Gari limesimama mbali na mimi, ng'ombe angepita katikati, na yeye ndani kashika usukani kwa mikono yote miwili, uso umelowa.

Nikamuuliza, "Nani kasimamisha? Wewe au hilo jicho?"

Akasema, "Sijui, bibi. Tumekanyaga wote."

Nikapanda. Nikamwambia anipeleke mpaka sokoni Lushoto, nikanunue sketi. Tulikwenda, na kwenye kila kona akapiga honi.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa yaliyobaki. Walipenda kazi yake wakamhamishia upande wa Mponde, kubeba majani ya chai ya wakulima kutoka Mgwashi. Siyo karibu. Amepanga chumba huko. Anapiga simu kila Jumapili, ananiuliza nimekula nini, namtajia vyakula ambavyo sikupika. Ng'ombe mmoja, mimi mmoja. Naongea na ng'ombe mpaka anageuza uso.

Na kuna jambo dogo ambalo sina wa kumwambia. Zamani, usipokuja, nilijua hukuja. Barabara ilikuwa inanyamaza nami nafunga mlango. Sasa kunyamaza kwake hakuniambii kitu. Upendo anaweza kuwa anapanda kona ya mwisho dakika hii na nisisikie. Kwa hiyo mlango naufunga nikiwa nimechelewa sana, na baridi ya huku unaijua. Alikuja mara moja hivyo, nashtukia kasimama mlangoni ananisalimia kwa Kisambaa, "Onga mshi, bibi." Nilimgombeza kwa kunishtua. Tangu siku hiyo nangoja kushtushwa.

Lakini hili nakuahidi, na nimelisema kwa sauti hapa kaburini kwako nikiwa nang'oa magugu: sitamwita arudi. Mguu ukatae, nyumba inyamaze, sitamwita kwa ajili ya upweke wangu. Akija, atakuja kwa sababu ametaka. Na akiniuliza kwenye simu nitasema ninalala vizuri.

Lala na wewe, mume wangu. Mgongo wako usibanwe na mizizi, nimeiambia migomba iisogeze huko.

Na ukipata nafasi ya kuja, usianzie kwangu. Pitia kwanza Mponde, ana chumba chenye dirisha la bluu, karibu na barabara. Bado anaota yale majani yanaanguka, hajaniambia, nasikia kwenye sauti yake. Kaa naye mpaka alale vizuri. Hata kukikucha hujafika huku, mimi sitanuna.

Mama Neema