Insha Aliyoiandika Wijdan

Al Wattayah, Muscat
Alkhamisi, 12 Novemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Shariffa,

Assalaam alaykum. U hali gani, na goti limekuachia usali kwa kusimama? Sie kwa miili hatujambo. Kwa moyo nna khofu, na hapa sina wa kumwambia.

Mwanangu Wijdan yuko mwaka wa pili chuoni. Mwalimu aliwapa insha ya maoni: je, binti aolewe na binamu aliyechaguliwa na wazee? Akaandika kama tulivyomlea, "watu husema", "wazee huona". Mwalimu akamrejeshea: watu gani? Sema wewe unaonaje. Basi akaandika upya, "mimi naona" mwanzo hadi mwisho, kwamba binti achague mwenyewe. Kapata alama nyingi kuliko wote, na insha ikabandikwa ukutani na jina lake.

Nawe wajua keshaposwa na Humaid, binamu yake, mtoto wa shemeji yangu Marhoon. Dada yake Humaid, Shatha, anasoma chuo hichohicho. Kainakili yote kwa mkono, kaipeleka kwao. Sijui husda, sijui utoto.

Jumatatu niliwapelekea bakuli la biriani kama kawaida yetu. Limerudi tupu. Limeoshwa, limekaushwa, hamna hata tende moja ndani. Shariffa, tangu niolewe chombo changu hakijarudi kitupu kutoka nyumba ile. Nikajua wamekasirika.

Jana Marhoon kapiga simu. Kesho baada ya Laasiri anakuja na wanaume wote wa ukoo, na anataka Wijdan aisome insha mwenyewe mbele yao. Mume wangu Sleiman kamsihi mtoto aseme maneno ni ya mwalimu, yaishe. Kakataa katakata: "Baba, ni yangu."

Insha ni ya Kiingereza, nikamwambia anifasirie. Kuna pahala kaandika: sitaki maisha ya mama yangu. Alipofika hapo alinitazama. Nililia, wallahi, na wala si kwa hasira. Nami niliozwa hivyohivyo, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje.

Nisalimie Masouda na wanawe, na bibi Sayyida umbusie mkono. Mungu akuhifadhi, na kesho Laasiri usitusahau katika dua.

Nimemwambia aisome yote, mstari ule asiuruke. Majlisi ya wanaume sijawahi kukaa. Kesho nitakaa, ubavuni mwake.

Akupendaye daima, dadako
Bakhita