Ndoo ya Mama

Misima, Handeni

Dada Maryamu,

Shikamoo. Huku mahindi yamekaukia shambani na lambo limebaki tope, ila mbuzi wako kazaa mapacha.

Video ya siku uliyorusha ndege peke yako tumeitazama. Mama alipoona wenzako wanakumwagia maji alipiga kelele, "Wanamfanyia nini mwanangu? Kazimia?" Nikamweleza kuwa ndiyo desturi ya marubani, anayeruka peke yake mara ya kwanza lazima alowanishwe. Akasema, "Wageni wamemmwagia, mimi mama yake bado." Tangu hapo kajaza ndoo, kaiweka mlangoni anakungoja, na hata tukikosa maji ya chai hataki iguswe.

Haya mengine amenikataza kukwambia, usije ukayawaza ukiwa angani. Wiki iliyopita alipata kiharusi. Daktari wa Handeni katupatia dawa, lakini mkono wa kulia haunyanyuki. Kila asubuhi namkuta anajaribu kuinua ndoo hadi juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto. Inamshinda, na nikimsaidia ananifukuza.

Sijui nifanyeje, dada. Jana alipunguza maji hadi nusu ili aiweze. Leo yamebaki ya kikombe kimoja, na bado.

Mdogo wako,
Tatu