Michoro ya Mjomba Eladio

Cáceres, 4 Mei 2024

Mpendwa Casilda,

Kuna jambo nimekuficha miaka kumi na saba, na daktari amenishauri nisipange mambo ya kiangazi. U hali gani? Noelia hajambo? Mapafu yangu yamechoka, ila mkono bado unaandika.

Jambo lenyewe linahusu sayansi niliyokufundisha kwa Kiingereza. Nasikia hutaki binti yako aingie mkondo huo wa Kiingereza shuleni. Ni kweli?

Mjomba wako,
Eladio

Valdehierro, 9 Mei 2024

Mjomba mpendwa,

Sisi wazima. Nimekutumia soseji za nyumbani, usiwaonyeshe wauguzi.

Ni kweli. Fomu za shule zinarudishwa Ijumaa ya wiki ijayo, na yangu nimeweka alama kwenye mkondo wa Kihispania. Noelia amenuna: “Mama, ulishindwa wewe, mimi nimefanya nini?” Nikamwambia mtoto wa nyoka ni nyoka.

Unakumbuka? Nilikuuliza swali kwa Kiingereza kuhusu mizizi, ukanijibu mbele ya wote, “Kajifunze kuongea kwanza, hueleweki.” Walicheka mpaka kengele. Wiki iliyofuata nikahamishiwa mkondo wa Kihispania. Sikulaumu. Walimu walitoka mbali, hata Badajoz, kuja kutazama ulivyofundisha kwa michoro ubaoni, bila maneno mengi. Kichwa kizito kilikuwa changu. Tangu siku ile siulizi swali popote, hata kwa daktari.

Ulinificha nini, Mjomba?

Mpwa wako,
Casilda

Cáceres, 13 Mei 2024

Casilda, mwanangu,

Nimekula soseji mbili. Muuguzi Petra alizigundua, akala tano. Yeye ndiye anayeipeleka barua hii posta leo, ikufikie kabla ya Ijumaa.

Ile michoro haikuwa mbinu. Nilichora kwa sababu maneno yaliniishia. Cheti cha Kiingereza nilikipata kwa kukariri, na kila asubuhi niliingia darasani na sentensi kama arobaini hivi. Zilipokwisha, nilishika chaki.

Wewe kila mapumziko ulikuwa na Aoife, yule msaidizi aliyeletwa kutoka Ireland, mkibishana kwa Kiingereza kuhusu konokono. Kufikia Januari nilikuwa naogopa kuuona mkono wako juu.

Siku ya mizizi Aoife alikuwa amekaa nyuma. Kengele ilipolia akanifuata, akaniambia kwa Kihispania chake cha kuvunjikavunjika: “Bwana Eladio, msichana ameuliza mizizi inajuaje chini ni wapi, na huko ndani ni giza. Swali zuri! Kwa nini hukumjibu?”

Nikasema nitakujibu kesho. Kesho yake nilijaza fomu ya kukuhamisha, na mama yako, dada yangu mwenyewe, nikamwambia lugha imekushinda.

Ifute ile alama, Casilda. Mpe Noelia kalamu aweke yake mwenyewe.

Uliuliza vizuri. Mimi ndiye ambaye sikuelewa hata neno moja.

Mjomba wako