Mfalme Hakufika Thornlow

Thornlow, Derbyshire
21 Juni 1976

Kwako Dada Winifred,

Salamu zangu zitangulie, mimi nafuata nyuma na kofia mkononi. Magoti yako yanasemaje huko Skegness? Hewa ya bahari ni dawa, nakwambia mimi niliyeivuta katika kila bandari kutoka Cardiff hadi Valparaiso na sijapata kukohoa hata kwa bahati mbaya. Huku tu wazima wote isipokuwa nyasi. Mvua imetusahau kabisa. Kondoo wa jirani Heathcote wanalamba mawe.

Sasa kaa kitako usije ukaanguka. Mdogo wako ndiye kiongozi wa kupamba Kisima cha Juu mwaka huu! Tangu ulipofunga mizigo ukaenda kwa binti yako na kuapa hutatukanyagia tena kijiji, eti kwa sababu watu walisema kila mwaka unatuletea Nuhu na safina yake, hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Juzi Kasisi Lomas akatangaza kanisani kwamba Kisima cha Juu kisipopambwa kwa heshima yake, msafara wa baraka utaishia Kisima cha Chini, mwaka huu na miaka yote. Kila mtu anatazama viatu vyake. Nikasimama mimi.

"Baba Kasisi," nikasema, "mimi nimepamba meli nzima alipokuja kuikagua Malkia."

Ni kweli. Nilipaka rangi ngazi ya upande mmoja.

Picha nitakayoijaza petali za maua juu ya mbao za udongo nimekwisha kuichora, na si Nuhu. Ni Historia ya Thornlow Yote: mnara wa kanisa na kupinda kwake, daraja la kale na matao yake matatu, Jiwe la Kunyongea, na katikati Mfalme akinywesha farasi wake kisimani. Wageni watakuja kwa mabasi!

Msaada sihitaji. Nimekuandikia ufurahi tu.

Mdogo wako,
Horace


Skegness
24 Juni 1976

Horace,

Salamu zimefika. Magoti ni yale yale, ila barua yako imeniongezea na kichwa.

Mfalme gani? Nitajie jina lake. Tangu dunia iumbwe hakuna mfalme aliyefika Thornlow, hata aliyepotea njia. Aliyesimama pale kisimani na farasi ni Mjomba Percy siku ya harusi yake, na kati ya wale wawili mwenye akili alikuwa farasi. Daraja lina matao mawili. Ulilivuka kila siku ukienda shule, siku zile ulizokwenda. Na hilo Jiwe lako la Kunyongea alilisimika Baba ili ng'ombe wajikune. Nilimshikia ngazi mwenyewe!

Kisima kile kina historia yake, na Bibi alitusimulia wewe ukiwa chini ya meza unaiba jamu. Ulikuja ukame, visima vyote vya bondeni vikakauka, kikabaki cha Juu. Hannah Twigg, kijakazi asiye na kwao, akawa anachota na kushuka na ndoo nyumba kwa nyumba, kwa wagonjwa na wazee, mpaka mvua iliporudi. Alipokufa hakuna aliyemwekea jiwe la kaburi, basi watu wakaweka maua kisimani. Ndiyo asili ya mapambo yote haya. Hana kumbukumbu nyingine duniani. Msafara ukiacha kupanda pale, Hannah amekwisha. Nawe unamwekea mfalme!

Usiniulize kwa nini sikumchora mimi. Kasisi wa zamani alitaka mambo ya Biblia tu. Nikachagua Nuhu kwa sababu angalau ana maji.

Sasa sikiliza. Mbao ziloweke siku kadhaa bwawani kwenye kinu cha maji, zisije zikanyonya maji ya udongo ukapasuka. Udongo ukandwe kwa miguu, na chumvi. Petali zipangwe kuanzia chini kwenda juu, kila safu ilalie ile ya chini yake kama vigae vya paa, ili maji yateleze. Kuanzia chini, Horace. Chini.

Dada yako,
Winifred

Kuja siji. Nimeapa.


Thornlow
5 Julai 1976

Dada mpendwa,

Natumaini kichwa kimetulia na magoti yamepata adabu. Mimi ni mzima kama kengele, nimebabuka pua tu kwa jua.

Bwawa la kinu limekauka, Wini. Ndani yake mna kitanda cha chuma na baiskeli ya marehemu Baba, ile aliyosema imeibwa na watu wa Bakewell. Kwa hiyo mbao nimeziloweka kwenye hori la farasi nje ya baa ya Fahali Mweusi, na imenibidi kukaa hapo kutwa kuzilinda. Kazi nzito! Udongo tumeukanda, mimi na Doris wa posta, suruali nimekunja mpaka magotini. Doris akasema, "Horace, unakanda udongo au unaua nyoka?" Nikamwambia, "Mama, hivi ndivyo wanavyocheza Buenos Aires." Amecheka mpaka akakaa ndani ya udongo.

Kuhusu Hannah wako, sikatai, alikuwa mtu mwema. Lakini nani atapanda basi kutoka Sheffield kuja kumtazama kijakazi na ndoo? Mfalme ana taji. Taji linataka petali za njano, na za njano ninazo.

Na kuhusu hiyo chini kwenda juu, nimelitafakari jambo hili kibaharia. Mungu alianza na mbingu ndipo akashuka kwenye nchi, nami nitafuata ratiba yake. Vigae vya nini, dada yangu? Redioni wanatukataza hata kujaza bafu. Mvua yenyewe iko wapi?

Mdogo wako mwenye kipaji,
Horace


Skegness
8 Julai 1976

Horace,

Salamu. Ni mzima.

CHINI KWENDA JUU.

Nikikuandikia tena nitapasuka mshipa, kwa hiyo sikuandikii tena.

Dada yako,
Winifred


Thornlow
12 Julai 1976

Dada Wini,

Barua yako imefika, fupi kama mkia wa sungura, lakini nimeona u mzima na hiyo ndiyo habari kubwa. Mimi mzima, nakula vizuri, Doris ananiletea pai.

Laiti ungeiona mbingu yangu! Ni maua ya haidranja tupu, ya buluu, Doris aliyanusuru kwa maji ya kuoshea vyombo. Nimeanza juu kabisa na sasa nimefika kwenye daraja. Matao nimeacha matatu, maana mawili yalionekana kama miwani. Farasi tu ndiye niliyeanza na kwato, kwa sababu farasi nimewaona wengi na hakuna anayening'inia hewani akisubiri miguu. Kina mama wanapita ghalani ninapofanyia kazi, wanatazama, wanatazamana, wanaondoka. Nadhani wameduwaa.

Kitanda chako bado kimetandikwa. Simaanishi kitu. Anakilalia paka.

Mdogo wako,
Horace


Thornlow
Alhamisi, 15 Julai 1976

Imenyesha.

Tulisimamisha mbao kisimani asubuhi, na alasiri wingu likaja kutoka upande wa Buxton, jeusi kama chungu. Kijiji kizima kilitoka nje. Heathcote alilala chali barabarani akafungua kinywa. Kina mama walicheza na aproni zao. Nchi nzima inamshukuru Mungu, Wini, na mtu mmoja tu amesimama pale juu anaitukana mvua, naye ni mimi.

Maji yaliingia chini ya kila petali. Mbingu ilishuka juu ya mnara, mnara ukashuka juu ya daraja. Mfalme aliondoka kichwa kwanza. Imebaki tope, na farasi.

Kasisi akapanda na mwavuli, akanishika bega. "Basi, Horace," akasema, "labda ndio mwisho wa Kisima cha Juu." Hakuwa na ubaya, alisema kwa upole. Nikapiga magoti kuokota petali za taji topeni. Mimi.

Kisha nikamfikiria yule msichana na ndoo yake.

Baraka ni Jumamosi. Doris ananisubiri mlangoni apeleke barua hii iwahi gari la jioni. Sijui kuifanya kazi hii, Wini. Njoo.

Horace


Thornlow, mezani kwako
Ijumaa, 16 Julai

Horace,

Salamu, ingawa unakoroma na huzisikii. Kila nikikutikisa unaniita nahodha.

Tangu ulipojua kuandika hujaniandikia barua isiyo na salamu wala majigambo. Nilipoisoma hii asubuhi nilisema, huyu amekufa, na nikapanda treni na nguo nyeusi. Nimefika nikijiandaa kuzika, nakukuta umelalia meza na udongo mpaka kwenye nyusi. Nililia kidogo, kisha nikala pai yako.

Nimepita kukuachia barua hii tu; ukiamka, niko kisimani na Doris na kina mama. Wamekuja wote, na hao waliomcheka Nuhu wamo, na leo hawacheki. Tope tumelikwangua, udongo mpya umekandwa. Mfalme hayupo na daraja lina matao mawili. Farasi nimemwacha. Nimemkagua kwato mpaka masikio, na sikupata pa kukusema. Mbele yake nimemchora Hannah na ndoo, anamnywesha. Kasisi alikuja kuniambia kwamba Hannah hayumo kwenye Biblia. Nikamwambia, "Na mfalme wa Horace yumo sura ya ngapi?" Akavua koti, sasa anachambua petali, ana mikono miwili ya kushoto.

Haidranja zimekwisha, kwa hiyo mbingu itakuwa ya kijivu, ya mvua. Ukija bandua kuvumwani, ile kuvu ya kijivu iliyoota kwenye ukuta wa Heathcote, ujaze kikapu. Na ulete chai, maji ya kisima ni baridi mno kwa mifupa yangu.

Kazi yako nimekuwekea, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ni miguu ya Hannah. Hakuwa na viatu, usije ukamvalisha buti za mfalme. Unaanzia hapo, chini kabisa, na ukimaliza safu moja uniite niione ndipo uende ya pili.

Dada yako,
Winifred

Paka nimemtoa kitandani.